Bajeti ya nyama ya sikukuu: hesabu sahani kabla ya kuhesabu kilo

Familia nyingi huamua kwanza zitapika nini siku ya sikukuu, ndipo ziende kuulizia bei. Hapo ndipo fedha inapoponyoka. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: fedha iamue gramu za kila sahani, gramu ziamue sehemu ya ng'ombe utakayonunua, na sehemu hiyo iamue namna ya kupika. Kwa mpangilio huo hata mfuko mdogo unaandaa meza ya heshima.

Uwe na mizani ya jikoni, daftari na simu ya kupigia hesabu. Ukipanga kuoka, tafuta na kipimajoto cha nyama.

Hatua ya 1: Tenga fedha ya sikukuu

Orodhesha kwanza matumizi yasiyokwepeka ya mwezi unaofuata sikukuu: kodi ya nyumba, ada, nauli, umeme, dawa. Yatoe kwenye fedha uliyonayo pamoja na mapato yatakayoingia kabla ya mwezi huo kwisha. Kinachobaki ndicho cha kugawa, tena usikigawe chote. Hasara ya sikukuu haionekani siku yenyewe. Inajitokeza wiki chache baadaye, ada inapodaiwa na akiba imekwisha kuliwa.

Kwa karamu ambayo nyama ya ng'ombe ndiyo mlo mkuu, mgawo huu unafanya kazi vizuri: nyama asilimia 40, wanga 15, mboga, viungo na mafuta 15, vinywaji 10, nishati ya kupikia 10, dharura 10. Watu wengi husahau nishati. Ukinunua nyama ya bei nafuu inayotaka saa tatu za moto, sehemu ya fedha uliyookoa buchani itateketea jikoni. Sufuria ya presha inapunguza gharama hiyo sana. Kama huna, azima kabla ya siku yenyewe na uijaribu, maana mpira wa mfuniko uliochakaa huvujisha mvuke na nyama haiivi.

Hatua ya 2: Hesabu sahani

Mtu mzima ni sahani moja, mtoto wa chini ya miaka 10 ni nusu. Watu wazima 10 na watoto 6 ni sahani 13. Kisha amua gramu za nyama *iliyoiva* kwa kila sahani: 120 ikiwa nyama ndiyo kitoweo pekee, 90 hadi 100 ikiwa kuna vitoweo vingine viwili au zaidi. Ukienda 150 umekuwa mkarimu kweli, na mara nyingi kitabaki.

Usikadirie kwa nyama mbichi. Nyama hupoteza maji na mafuta ikipikwa, na kilo uliyobeba siyo kilo itakayopakuliwa.

Hatua ya 3: Geuza gramu za sahani kuwa kilo za buchani

Hapa ndipo bajeti nyingi huharibika, kwa hiyo twende taratibu.

Chukua kilo moja ya steki, yaani nyama isiyo na mfupa. Ukiondoa utando na mafuta ya ziada unapoteza kama gramu 50, zinabaki 950. Ikiiva, inapungua karibu asilimia 30. Unapakua takriban gramu 665.

Sasa chukua kilo ya nyama yenye mfupa. Mfupa unaweza kuchukua gramu 250 hadi 300, tuseme 280. Nyama ni gramu 720, na ikiiva inabaki kama gramu 500.

Gawanya 500 kwa 665, unapata robo tatu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwenda nayo buchani: nyama yenye mfupa ni nafuu kweli pale tu bei ya kilo yake inapokuwa chini ya robo tatu ya bei ya steki. Ikiwa steki ni 100 na yenye mfupa ni 70, mfupa unashinda. Ikiwa yenye mfupa ni 80, basi unalipa zaidi kwa kila gramu inayoingia mdomoni, hata kama bei ya kilo inaonekana ya chini. Kinachoweza kukutetea hapo ni supu ya mifupa, kama kweli utaipika.

Turudi kwenye sahani 13 za gramu 120. Unahitaji gramu 1,560 za nyama iliyoiva. Kwa steki, gawanya kwa 665: kilo 2.35. Kwa yenye mfupa, gawanya kwa 500: kilo 3.1. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, unapata kilo 2.6 za steki au 3.4 za yenye mfupa. Kwa bei za mfano wetu, steki itakula 260, yenye mfupa 238.

Na kama fungu la nyama ni 200 tu? Usipunguze wageni, wala usikope. Shusha sahani hadi gramu 100, ongeza kitoweo cha pili cha maharage au mboga nzito, nunua kilo 2.8 za yenye mfupa. Hiyo ni 196. Sahani yenye gramu 100 za nyama laini na mchuzi mzito inashibisha kuliko yenye 150 za nyama ngumu inayobaki pembeni.

Hatua ya 4: Chagua sehemu ya ng'ombe

Ng'ombe mmoja ana sarara mbili tu, na msimu wa sikukuu kila mtu anazitaka. Ndiyo maana bei yake hupanda kabla ya nyingine. Kwa mlo wa watu wengi, iache.

Kidari, shingo, bega, muundi na mkia ni misuli iliyofanya kazi sana, imejaa tishu ngumu za kolajeni. Ukiipika kwa haraka inatafunika kama mpira. Ukiipa unyevu na muda, joto la ndani likipita nyuzi 70 na kukaa hapo, kolajeni inayeyuka taratibu kuwa jelatini, na jelatini hiyo ndiyo inayoupa mchuzi uzito na mng'aro. Kwa mfuko wa kawaida, kidari na muundi ndizo chaguo letu la kwanza.

Nyama ya paja ina mafuta machache. Inafaa kuokwa na kukatwa vipande vyembamba, lakini ukiichemsha saa nyingi inakauka.

Nyama ya kusaga ndiyo njia ya bajeti iliyobana. Kilo moja, gramu 150 za chenga za mkate zilizolowekwa maziwa au maji, mayai mawili, chumvi na viungo: unapata mipira 30 na kidogo ya gramu 40 mbichi. Chenga hushika maji, kwa hiyo mipira haisinyai sana. Hakikisha katikati inafika nyuzi 71, kwa sababu kusaga husambaza vijidudu vya juu hadi ndani.

Hatua ya 5: Amua siku ya kununua

Kama una friza inayoshikilia nyuzi 18 chini ya sifuri, nunua wiki mbili au tatu kabla, bei zikiwa bado hazijachemka. Vipande vikubwa vinakaa vizuri miezi 4 hadi 12, ya kusaga miezi 3 hadi 4. Funga kwa mafungu ya kilo moja yaliyobapa, kamua hewa yote, andika tarehe na sehemu ya nyama. Usijaze friza kwa mkupuo: kilo moja kwa kila lita 20 za ujazo kwa siku inatosha. Ukizidisha, nyama inaganda polepole, chembe kubwa za barafu zinapasua nyuzi zake, na siku ya kuyeyusha utaona dimbwi jekundu. Dimbwi hilo ni uzito ulioulipia.

Kuyeyusha kunahitaji nafasi kwenye ratiba. Kwenye jokofu, kipande cha kilo 2 hadi 2.5 kinataka saa 24. Ukichelewa, kitie kwenye mfuko usiopitisha maji, kizamishe kwenye maji baridi, badilisha maji kila dakika 30, kisha kipike mara moja. Usiache nyama mezani usiku kucha.

Kama huna friza, weka oda mapema kwa maandishi, ukitaja sehemu, uzito na bei mliyokubaliana, kisha uchukue asubuhi ya siku ya kupika. Majirani wanaweza pia kuchanga na kununua paja zima au robo ya ng'ombe. Ugomvi huzuka wakati wa kugawana, kwa hiyo pimeni kila sehemu peke yake na mgawe kila sehemu kwa idadi ya kaya. Mkigawa kwa jumla ya kilo tu, mmoja ataondoka na steki na mwingine na mifupa.

Hatua ya 6: Mbele ya mizani

Angalia mizani isome sifuri kabla ya nyama kuwekwa. Omba mafuta mazito na utando viondolewe kabla ya kupima, ila ujue wengine watakutoza bei ya juu kwa hilo. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 3 uone kama inalipa. Omba vipande vya sentimita 4 hadi 5. Vidogo zaidi hukauka na kusambaratika, na kupakua kwa haki kunakuwa kugumu. Mifupa ikatwe kwa msumeno ikiwezekana, kwa kuwa shoka huacha vipande vyenye ncha kali ndani ya mchuzi.

Nyama njema haina ute wala harufu ya uchachu, na ukiibonyeza inarudi. Mafuta ya manjano siyo kasoro, mara nyingi ni dalili ya ng'ombe aliyekula majani. Nyama iliyofungwa bila hewa huwa ya zambarau na hurudi kuwa nyekundu dakika chache baada ya kufunguliwa.

Hatua ya 7: Pika kulingana na ulichonunua

*Mchuzi wa kidari au muundi.* Kausha vipande kwa kitambaa safi, tia chumvi gramu 12 kwa kilo. Kaanga kwa mafungu, sufuria iwe ya moto na vipande visigusane. Ukivirundika vinatoa maji, vinachemka badala ya kushika rangi, na mchuzi unapooza ladha. Tia maji yakaribie kufunika nyama, funika, acha yatokote polepole saa 2 na nusu hadi 3 na nusu. Kwenye presha ni dakika 40 hadi 50. Moto mkali hauharakishi kitu. Unakaza nyuzi na kuzikamua maji. Ikiwa baada ya saa mbili nyama bado ngumu, haijaharibika, bado kolajeni haijayeyuka. Ongeza muda.

*Paja la kuoka.* Tia chumvi jana yake. Oka kwa nyuzi 150, toa kipimajoto kikisoma 60 katikati, funika, acha dakika 15 hadi 20. Joto litapanda nyuzi 3 hadi 5 lenyewe na kufika au kupita 63, kiwango salama cha kipande kizima. Wageni wakitaka iliyoiva kabisa, fika 71, lakini nunua kidogo zaidi kwa sababu itapungua zaidi. Kata vipande vya milimita 3 hadi 4 ukikingamisha kisu na nyuzi za nyama. Gramu 120 zilizokatwa hivyo zinafunika sahani.

Mmoja apakue kwa niaba ya wote, akiwa amepima sahani ya kwanza kwenye mizani. Watu wakijipakulia wenyewe, wa mwisho hukuta mchuzi mtupu hata kama hesabu ilikuwa sahihi.

Hatua ya 8: Okoa kilichobaki

Ndani ya saa mbili, au saa moja ikiwa joto la hewa limepita nyuzi 32, hamishia mabaki kwenye vyombo vifupi na uyaweke kwenye jokofu. Sufuria nzima ya mchuzi moto inapoa polepole mno na katikati huchacha. Mabaki yaliwe ndani ya siku 3 hadi 4, yakipashwa hadi nyuzi 74. Mifupa, kilo moja kwa lita mbili za maji, ichemshwe saa 4 hadi 6, au saa 2 kwenye presha. Kama gesi au mkaa ni ghali kwako na huna presha, igandishe usubiri siku utakayokuwa na moto mrefu kwa kazi nyingine.

Kabla ya kulala, pima nyama iliyobaki na uiandike daftarini pamoja na kilo ulizonunua na idadi ya sahani. Ikizidi gramu 500 kwa sahani 13, sikukuu ijayo punguza gramu 30 kwa kila sahani. Ikiwa haikubaki hata kipande na watu wa mwisho walipunjwa, ongeza 10 hadi 15.