Somo: Mara yako ya kwanza kwenye tamasha la bendi ya roki unayoipenda

Wakuu, salaam. Kila bendi kubwa ikitangaza ziara, naulizwa maswali yaleyale na watu waliokariri nyimbo zote lakini hawajawahi kusimama mbele ya jukwaa. Leo nayajibu kwa pamoja.

Hatua ya 1: Soma tiketi vizuri. Ni ya kukaa au ya kusimama? Saa iliyoandikwa ni ya milango kufunguliwa au ya onyesho kuanza? Bendi uliyoifuata haianzi, hutanguliwa na moja au mbili ndogo. Angalia pia ukubwa wa begi unaoruhusiwa, usije ukarudishwa mlangoni.

Hatua ya 2: Vizibo vya masikio. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanaponicheka. Tamasha la roki hufika desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) na kupita. Kikomo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: kwenye 100 unabaki na dakika 15, na onyesho ni saa moja na nusu au zaidi. Mimi mara ya kwanza nilisimama ubavuni mwa spika, masikio wazi, nikijiona mwamba. Nililala na mlio wa nyenze kichwani, ukaisha siku ya tatu.

Vya sponji vinatosha, ila hufifisha zaidi sauti nyembamba, kwa hiyo muziki unasikika kama unatoka chumba cha pili. Vya mpira vyenye kichujio hupunguza sauti zote kwa uwiano. Kuvaa sponji kuna ufundi wake: kivingirishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kisha kishikilie nusu dakika kitanuke. Kikibaki kinachungulia nje, hujavaa kitu.

Hatua ya 3: Chagua pa kusimama. Kila mgeni anataka uzioni, mbele kabisa ya jukwaa. Utaona jasho la mpiga gitaa, sawa. Lakini spika kubwa zinazoning'inizwa juu mara nyingi hurusha sauti ikupite kichwani, hivyo unasikia ngoma na magitaa huku mwimbaji akimezwa. Na ukitoka kwenda msalani, nafasi hiyo sahau. Kama shida yako ni muziki, tafuta meza ya fundi mitambo, kwa kawaida katikati ya ukumbi. Yeye anachanganya sauti kwa anavyosikia hapo alipo, kwa hiyo simama karibu naye.

Hatua ya 4: Umati. Mbele mkibanwa, weka mikono kifuani kama bondia ili mapafu yapate nafasi. Wimbi la watu usishindane nalo. Likitulia, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Aliyeanguka anainuliwa hapohapo, hata kama humjui. Ukiona duara limefunguka katikati na watu wanagongana mabega, huo ni mchezo wao. Hutaki, rudi hatua chache.

Msikimbilie milango. Cincinnati, Marekani, tarehe 3 Desemba 1979, watu 11 walikufa wakigombea kuingia kwenye onyesho la The Who, bendi ya roki ya Uingereza, kabla bendi haijapanda jukwaani.

Hatua ya 5: Viatu vilivyofungwa, chaji kamili, na maji kabla ya kuingia.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, sina wa kwenda naye. Nikienda peke yangu si nitaonekana wa ajabu?*
Taa zikizimwa hakuna anayekuangalia. Na mkiwa kundi, kila dakika kumi kuna mmoja amepotea.

*Asante kwa somo. Mwanangu ana miaka 10 na anaililia bendi hii. Nimpeleke?*
Kwanza soma masharti ya umri. Wakiruhusu, chukua viti mbali na spika na umvalishe kinga za kufunika sikio zima, maana sponji za watu wazima hazimkai. Akisema masikio yanauma, mnatoka, hata kama ndo wimbo wenyewe.

*Kurekodi kwa simu vipi? Nataka kumbukumbu.*
Maikrofoni ya simu huzidiwa na besi, ukifika nyumbani unakuta mngurumo tu. Rekodi kiitikio kimoja, halafu uiweke mfukoni. Aliye nyuma yako naye kalipa.

*Kaka, bendi ikiaga najuaje kama kweli wameondoka? Nasikia huwa wanarudi.*
Usiangalie bendi, angalia taa na mafundi. Ukumbi ukiwa bado giza na kuna mtu anakaza nyuzi za gitaa jukwaani, tulia, wanarudi. Taa za ukumbi zikiwaka, muziki wa kanda ukapigwa, na ukamwona fundi anakunja nyaya, basi wahi foleni ya fulana kabla saizi yako haijaisha.