Namna ya Kupima Msimu Mbovu na Maamuzi ya Usajili: Mfano wa Simba 2023/24

Msimu ukiisha vibaya, shabiki huanza na kipigo kilichomuuma zaidi. Kwa Simba, klabu ya soka ya Dar es Salaam, msimu wa 2023/24 kipigo hicho ni cha tarehe 5 Novemba 2023, timu ilipokwenda mapumziko ikiwa 1-1 na Yanga, kisha ikaruhusu mabao manne kipindi cha pili. Kiweke kando kwanza, hata kama watani hawatakuruhusu. Hasira ya siku moja haisemi kikosi kilisajiliwaje.

Anza na msimamo wa ligi. Yanga ilimaliza na pointi 80, Azam na Simba zikalingana kwa pointi 69, na Simba ikashika nafasi ya tatu kwa tofauti ya mabao, ikakosa Ligi ya Mabingwa Afrika na kuangukia Kombe la Shirikisho Afrika. Pengo la pointi 11 lina sababu nyingi, lakini aliyezidiwa na Azam kwa mabao tu hana budi kuwaangalia washambuliaji wake.

Hapo ndipo dirisha dogo la usajili, la katikati ya msimu, Januari 2024, linapostahili muda wako mwingi. Simba iliwaachia kwa pamoja washambuliaji Moses Phiri na Jean Baleke, ambaye Septemba alikuwa ameifunga Coastal Union mabao matatu katika mchezo mmoja, ikawaleta Pa Omar Jobe na Freddy Michael. Chukua karatasi, mpe kila mchezaji mstari wake, na uandike tarehe ya uamuzi, kocha aliyekuwepo, mwisho wa mkataba, na kama anakalia mojawapo ya nafasi 12 za wachezaji wa kigeni. Kisha jiulize uamuzi ulikuwa na mantiki gani siku ile, kabla ya kutazama kilichofuata. Kwa maoni yangu, kumbadilisha mshambuliaji mmoja katikati ya msimu kunaeleweka. Kuwabadilisha wawili kwa mpigo, huku wageni wakihitaji muda wa kuzoea, kulikuwa kucheza kamari. Baada ya msimu, Jobe na Freddy nao hawakubaki.

Safu ya kocha kwenye karatasi hiyo usiiruke. Robertinho aliuanza msimu, Benchikha akaingia Novemba na kuondoka Aprili, Juma Mgunda akaumalizia. Mchezaji aliyesajiliwa kwa mfumo wa kocha wa kwanza asihukumiwe kwa mfumo wa kocha wa tatu pasipo kulitaja hilo.

Kuhusu mikataba, kiungo Clatous Chama anatosha: wake ulikwisha, akahamia Yanga Julai 2024 akiwa mchezaji huru, na klabu haikupata ada yoyote. Kosa la namna hiyo, kama ni kosa, hutafutwa miezi mingi kabla ya Julai, wakati mchezaji bado ana mkataba na klabu bado ina la kujadili.

Mwisho, acha safu moja tupu na uijaze baada ya mwaka. Kwa usajili wa 2024, Jean Charles Ahoua ataandikiwa mabao 16 na ufungaji bora wa ligi, na kikosi kitaandikiwa fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane. Ubingwa wa ligi, hata hivyo, ulibaki Jangwani kwa Yanga, kwa hiyo usimjazie kila aliyesajiliwa alama nzuri kwa sababu ya Ahoua.