Bumu ligawe kwa siku 75, si 60

Kwa wanachuo wanaopata bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu Tanzania): nimegundua hili mwaka wa pili, nikiwa nimeshakopa dukani kwa Mangi vya kutosha. Hela ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, na mkupuo wa siku 60 unaingia kama laki sita. Ukishasaini na ikaingia, toa kodi ya gheto kwanza, halafu kinachobaki kigawe kwa siku 75. Mfano kodi ni 150,000: inabaki 450,000, yaani 6,000 kwa siku, 42,000 kwa wiki. Hamishia yote kwenye akaunti ya pili isiyo na kadi wala huduma ya kwenye simu, kisha kila Jumatatu toa za wiki moja tu. Siku 15 za ziada ndizo zinakubeba bumu lijalo likichelewa, na kuchelewa ni kawaida. Ile foleni ya benki nayo inasaidia: huwezi kuipanga saa nne usiku eti umetamani chipsi kuku. Pia makato unakatwa mara moja kwa wiki, si kila unapotoa elfu tano kwa wakala.

Haifanyi kazi kama bumu limeingia tayari lina madeni. Lipa kwanza, gawa kilichobaki hata kama ni kidogo. Na kama mkopo wako ni wa ada tu, au nyumbani wanategemea uwatumie chochote, hesabu hii itakubana sana.