Kutengeneza kidhibiti cha kubadilisha sauti kati ya analogi na dijitali katika draiva ya Linux

Zipo kadi za sauti ambazo tundu lake moja hufanya kazi mbili: ama hupeleka ishara ya analogi kwenye spika, ama hupeleka ishara ya dijitali ya S/PDIF (mfumo wa kupeleka sauti ya kidijitali) kwenye amplifaya. Kwa mwandishi wa draiva (programu inayoiendesha kadi), kuigeuza kazi hiyo huwa ni suala la biti moja ya rejista, yaani sehemu ndogo ya kumbukumbu ndani ya kadi inayoiongoza. Kinachohitaji fikra ni namna mtumiaji atakavyojua ni upande upi uliochaguliwa.

Mfano mzuri ni Sound Blaster Live!, iliyoingia sokoni mwaka 1998. Draiva yake ya ALSA (mfumo wa sauti wa Linux), emu10k1, ina kidhibiti kiitwacho «SB Live Analog/Digital Output Jack», nacho ni cha kuwasha na kuzima tu. Ndani ya alsamixer, programu ya kurekebisha vidhibiti vya sauti, huonekana kama OO kikiwa kimewashwa na MM kikiwa kimezimwa, na hakuna kinachoeleza kwamba kuwashwa maana yake ni dijitali. Mtu asiyesikia sauti kwenye spika zake hupita akifungua kila alichokikuta kimezimwa, akafungua na hiki, na hapo ndipo anapojinyima sauti aliyokuwa akiitafuta.

Kwa hiyo, kidhibiti chenye hali mbili zinazolingana kwa hadhi kisifanywe cha ndiyo au hapana. Kitengenezwe kuwa cha orodha: katika kitendaji (function) cha info, kinachoieleza ALSA aina ya kidhibiti, tumia snd_ctl_enum_info, ukitaja machaguo mawili kwa majina yake, «Analog» na «Digital». Jina la kidhibiti chenyewe litaje tundu linalohusika, na lisizidi baiti 44 pamoja na baiti ya sifuri ya kufungia.

Kitendaji cha put, kinachopokea thamani mpya kutoka kwa programu, ndicho cha kuangaliwa kwa makini zaidi. Kwanza hakikisha kwamba namba iliyoletwa na programu imo ndani ya orodha, la sivyo rudisha -EINVAL (kosa la thamani isiyofaa). Kisha linganisha thamani mpya na iliyopo, uandike kwenye rejista ikiwa tu zinatofautiana, na urudishe 1 kama kuna mabadiliko au 0 kama hakuna. Jibu hilo si la mapambo, kwa kuwa ALSA hulitumia kuamua kama itazitaarifu programu nyingine zilizofungua kadi hiyo. Draiva inayorudisha 0 kila mara huwaacha watumiaji wakitazama picha ya zamani. Rejista ikiwa na biti za kazi nyingine pia, kusoma, kubadilisha na kuandika vifanyike vyote chini ya kufuli (lock) moja, maana kazi mbili zikiingiliana, moja itafuta biti ya mwenzake.

Baadhi ya matoleo ya kadi huwa na biti iliyopinduliwa, yaani 1 huwa analogi. Emu10k1 huliweka jambo hili kwenye jedwali la kadi na kuigeuza thamani ndani ya draiva, na huo ndio utaratibu unaofaa: mtumiaji hapaswi kuzijua tabia za nyaya.

Thamani iliyochaguliwa itunzwe katika kumbukumbu ya draiva, ili kompyuta ikiamka kutoka usingizini iandikwe upya kwenye rejista. Chaguo la kuanzia liwe analogi, kwani wengi wana spika za kawaida.

Vidhibiti visivyo na athari wakati wa dijitali visifutwe. Viwekwe katika hali ya kutotumika kwa snd_ctl_activate_id, kisha virejeshwe analogi inapochaguliwa tena. Ikiwa draiva tayari iko mikononi mwa watu, fikiri mara mbili kabla ya kubadilisha jina au aina ya kidhibiti cha zamani, kwa sababu alsactl, programu ya kutunza mipangilio ya sauti, huhifadhi mipangilio katika /var/lib/alsa/asound.state kwa kutumia majina hayo hayo, na jina likibadilika, mpangilio wa mtumiaji hautarudi kompyuta itakapowashwa.