Kupaka rangi plastiki na vinili za ndani ya gari mwenyewe

Magari mengi tuliyonayo barabarani yametoka Japani yakiwa na miaka saba na kuendelea, na huku yanakutana na jua, vumbi na mikono ya abiria. Toyota Premio au Allion yenye plastiki za ndani za beji (kahawia hafifu) ndiyo inayochoka mapema machoni: vishikio vya milango vimekuwa vyeusi, konso ya katikati, ile iliyo kati ya viti vya mbele, ina mikwaruzo, fremu ya redio imechubuka kila ilipofunguliwa. Plastiki hizo zinapakika nyumbani na zikadumu miaka. Lakini kazi hii hushinda au hushindwa kabla kopo halijafunguliwa. Rangi inayobanduka vipande vipande baada ya mwezi, mara nyingi chanzo chake ni uso uliokuwa na mafuta, au plastiki iliyopakwa bila mtu kujua ni ya aina gani.

Kwanza amua visivyopakwa. Usukani, pedali, mikanda na kila kifuniko chenye maandishi ya SRS au AIRBAG viache kama vilivyo. Kifuniko cha mfuko wa hewa kimetengenezewa mstari dhaifu wa kupasukia, na tabaka la rangi linaweza kubadilisha namna kinavyofunguka au kurusha vipande usoni. Ukifungua sehemu yoyote iliyo karibu na mifuko hiyo, zima gari, toa terminali hasi ya betri kwa spana ya 10, kisha subiri. Toyota huandika angalau sekunde 90, watengenezaji wengine dakika tatu. Ukisubiri dakika kumi hupotezi kitu. Plagi za njano chini ya dashibodi ni za mfumo huo. Usiziguse, na ikitokea umechomoa moja usiwashe swichi kabla ya kuirudisha, maana taa ya hitilafu itawaka na kubaki.

Cha pili cha kuacha ni dashibodi inayonata. Baadhi ya magari ya miaka ya 2000 dashibodi zake huyeyuka kwa jua, zikang'aa na kushika vidole. Hapo nyenzo yenyewe imeanza kuharibika na kila siku inatoa unyevu mpya juu. Rangi yoyote utakayoweka itanata pamoja nayo. Weka kava au tafuta dashibodi nyingine. Vitufe vidogo vinavyonata ni habari tofauti: pale ni utando mwembamba wa juu tu uliooza, na spiriti yenye nguvu (isopropili ya asilimia 90 na kuendelea) pamoja na kitambaa huutoa wote, plastiki ngumu ikabaki safi.

Sasa geuza kila kipande ukasome mgongo wake. Utaona herufi kati ya alama mbili: >ABS<, >PP<, >PP+EPDM<, >PVC<, >PC+ABS<. Hiyo ndiyo inayokuambia ununue nini. ABS hushika rangi vizuri, lakini thina kali na asetoni huila: uso hulainika, ukapata nyufa ndogondogo. PP, ambayo ndiyo nyingi kwenye milango, nguzo na kisanduku cha mbele ya abiria, haishikwi na rangi kabisa bila praima (rangi ya msingi) maalumu ya plastiki, ile ya kopo ambayo huwa haina rangi na imeandikwa kuwa ni ya polipropilini. Praima ya kawaida ya kijivu ya bodi haifanyi kazi hiyo. PVC ndiyo vinili: ngozi laini ya kuegemea mkono, sehemu ya juu ya mlango, viti vya baadhi ya magari ya kazi. Hii inataka rangi ya vinili inayonyumbulika.

Ukikosa herufi, kwangua kipande chembamba kutoka sehemu isiyoonekana, ukitie kwenye maji yenye tone la sabuni. PP huelea, ABS na PVC huzama. Angalizo: PP iliyochanganywa na talki, ambayo huandikwa PP-T20 au mfano wake, inaweza kuzama pia. Ukibaki na shaka weka praima ya plastiki, kwa sababu makopo mengi ya aina hiyo yameandikwa kuwa yanafaa kwa ABS vilevile.

Kwa vifaa, kopo moja la mililita 400 hufunika takribani mita moja ya mraba kwa tabaka tatu. Milango minne, konso na fremu ndogondogo vitakula makopo manne hadi matano ya rangi na mawili ya praima. Nunua yote siku moja, yenye namba ileile ya rangi. Ukitaka rangi ileile ya gari lako, peleka kipande dukani: Kariakoo na Gerezani kule Dar es Salaam, au Kirinyaga Road Nairobi, kuna wachanganyaji wa rangi za magari, na baadhi yao hujaza kopo la kupuliza. Waambie ni ya vinili na plastiki laini, ili waweke dawa ya kuifanya rangi inyumbulike. Ongeza pedi za kusugulia za kijivu, msasa namba 400, 600 na 800, dawa ya kuondoa nta na grisi kutoka duka la rangi, tepu ya karatasi, glovu za naitrili, na barakoa yenye filta za mkaa. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia vumbi tu, mvuke wa thina unapita kama kawaida.

Chagua rangi isiyong'aa kwa kila kilicho juu ya dashibodi. Rangi ya mng'ao, au iliyokaribia nyeupe, hujionyesha kwenye kioo cha mbele saa za jua na dereva akashindwa kuona vizuri. Kutoka beji kwenda nyeusi au kijivu cha makaa ni rahisi. Kutoka nyeusi kwenda beji utahitaji tabaka nyingi, na mkwaruzo wowote utaonyesha weusi wa chini. Sisi hatushauri.

Kufungua mlango: tafuta skrubu mbili au tatu, moja nyuma ya kitasa cha kufungulia, nyingine ndani ya shimo la kushikia, mara nyingi zimefichwa na kifuniko kidogo. Kisha ng'oa klipu za pembeni kwa kijiti cha plastiki, au bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu, ukianzia kona ya chini na kuisogeza karibu kabisa na klipu. Ukivuta katikati ya klipu mbili unavunja plastiki. Nunua klipu kumi za akiba kabla hujaanza. Nyuma ya paneli kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi; usiichane, ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Ondoa swichi za vioo na spika, maana kuziziba kwa tepu hakutoshi.

Kuosha ndiko kunakotaka muda. Dawa za kung'arisha dashibodi zinazopuliziwa kila gari linapooshwa huacha silikoni, na silikoni ndiyo adui namba moja wa rangi. Sugua kila kipande kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini ya kufulia, ukiingia kwenye mifereji ya nakshi ya plastiki, kisha suuza kwa maji mengi. Rudia. Kikikauka, pita na dawa ya kuondoa grisi kwa vitambaa viwili: cha kwanza kimelowa, cha pili kikavu kinafuata papo hapo kabla dawa haijapotea hewani. Ukiiacha ikauke yenyewe, mafuta yaliyoyeyuka yanarudi kukaa palepale. Badilisha upande wa kitambaa kila mara. Petroli na mafuta ya taa viache mbali: huacha utando wa mafuta na vinaweza kukuunguza.

Kipimo cha usafi ni kitambaa cheupe chenye spiriti. Kikipita mara ya mwisho na kutoka cheupe, endelea. Kwenye ABS na vinili waweza pia kumimina maji: yakitandaa sawasawa uso ni safi, yakijikusanya matone bado kuna mafuta. Kwenye PP kipimo cha maji kinadanganya, kwa sababu plastiki hiyo husukuma maji hata ikiwa safi.

Baada ya hapo sugua kwa pedi ya kijivu na maji ya sabuni hadi mng'ao wote ufe, lakini nakshi ibaki. Msasa tumia kwenye mikwaruzo tu, 400 kisha 600 kisha 800, na ujue kwamba mahali ulipolainisha patabaki laini. Rangi hairudishi nakshi ya kiwandani. Vinili usiipige msasa kabisa. Pedi laini na dawa ya kusafishia inatosha. Osha tena, kausha, pita na spiriti, na toka hapo kamata vipande kwa glovu peke yake.

Mahali pa kupulizia ni kivulini, hewa ikipita bila upepo mkali, mbali na jiko na sigara. Sakafu imwagie maji kidogo ili vumbi litulie. Joto la nyuzi 20 hadi 30 ndilo zuri. Pwani, kuanzia Mombasa, Tanga hadi Dar, unyevu wa asubuhi na jioni huifanya rangi ipate ukungu mweupe, kwa hiyo fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na msimu wa masika subiri siku kavu. Nyanda za juu wakati wa baridi ya Juni na Julai, weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi ili shinikizo lipande. Maji ya moto hapana, kopo linaweza kulipuka.

Ning'iniza kipande kwa waya uliopita kwenye tundu la nyuma. Tikisa kopo dakika mbili tangu usikie gololi ikigonga. Praima ya plastiki huwekwa tabaka mbili nyepesi mno, karibu hazionekani, na hufuatwa na rangi ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukichelewa unaanza upya, na ukiijaza praima, rangi ya juu inakunjamana. Rangi yenyewe pulizia kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza nje ya kipande, pita moja kwa moja, achia ukiwa umeshavuka, na kila mstari uifunike nusu ya uliotangulia. Kingo na mifereji kwanza, uso mpana baadaye. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, plastiki ya chini bado ionekane. Hapa ndipo wengi huharibu kwa kutaka kufunika mara moja. Subiri dakika kumi, weka la pili, kisha la tatu, na la nne kama bado kuna doa. Vishimo vya grili ya spika vipulizie kwa mshazari ili visizibe. Tepu ibandue dakika kumi na tano hivi baada ya tabaka la mwisho, ukiivuta kwa pembe. Rangi ikikauka kabisa, tepu inaondoka nayo.

Rangi ya vinili haihitaji klia (vanishi angavu ya kulinda rangi) juu yake. Kwa vishikio, konso na mahali pa vikombe, tabaka mbili za klia isiyong'aa husaidia dhidi ya kucha na pete. Klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) usiipulizie nyumbani: ina isosayanati, ambayo huharibu mapafu na inahitaji barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba.

Dashibodi isiyong'oka usiipulizie ndani ya gari. Mvuke utajaa, na vumbi la rangi litashika kioo na viti. Kuna rangi za maji za ngozi na vinili zinazopakwa kwa sponji, tabaka nyembamba tatu au nne. Ni kazi ya polepole lakini salama.

Mambo yakiharibika, dalili inasema. Vishimo vya duara vinavyofunguka rangi ikiwa mbichi ni silikoni: acha hapohapo, kausha siku nzima, piga msasa 600, osha upya. Kuongeza rangi juu hakuvizibi. Michirizi imetokana na kopo kuwa karibu au mkono kusimama. Nayo subiri saa 24, lainisha kwa 600, pulizia tena. Uso wa ganda la chungwa unatokana na umbali mkubwa au plastiki iliyokuwa ya moto, rangi ikakauka kabla ya kutua. Ukungu mweupe mara nyingi huondoka kwa tabaka jepesi siku kavu. Nyufa kwenye sehemu ya kuegemea mkono maana yake uliweka rangi ngumu juu ya vinili, au uliijaza. Na ikibaki inanata wiki nzima kwenye vinili, basi ulitumia rangi ya mafuta ya kawaida: vilainishi vilivyo ndani ya vinili hupanda na kuilainisha, na haitakauka kamwe. Dawa ni kuitoa yote.

Kwa kugusa, rangi hukauka ndani ya saa moja, lakini usifunge kipande kabla ya saa 24, na usikianike juani kuharakisha; paneli nyembamba hupinda. Ugumu kamili huchukua karibu wiki. Katika siku hizo acha vioo wazi kidogo, futa kwa kitambaa chenye maji tu, na umwambie anayekuoshea gari asipulizie dawa ya kung'arisha.