Kabla hujawasha mashine ya kusaga unga wa nano (ule wa punje ndogo kupindukia), angalia haya kwanza

Kausha unga kwanza. Mizani iwe ya kuaminika, maana kudopu (kuchanganyia kiasi kidogo cha kitu kingine) gramu 5 za zinki oksaidi na manganizi asilimia 2 unahitaji miligramu 100 na kidogo tu za dioksaidi ya manganizi, ukikosea hapo usilaumu mashine. Gololi, zile zinazogongana ndani ya kopo na kusaga, kwa unga iwe 10 kwa 1 kwa uzito, na kopo usilijaze, acha theluthi wazi la sivyo gololi zitagongea wapi?

Sasa gololi zenyewe. Mimi nilitumia za chuma kwa sababu ndo zilikuwepo kabatini. Nilikuwa natafuta usumaku kwenye joto la kawaida la chumbani, ule ambao mwanafizikia Dietl na wenzake walitabiri mwaka 2000 kwa zinki oksaidi yenye manganizi. Saa 20 baadaye unga mweupe umekuwa kijivu, sikushtuka, nikasema si manganizi hiyo, dioksaidi yake si ndo ule unga mweusi wa ndani ya betri za tochi. Kupima, usumaku upo! Eksirei ya kutambua vilivyomo kwenye unga nayo safi, hakuna mstari wa kitu kigeni. Nikaandika sura nzima ya tasnifu. Siku moja mwenzangu wa maabara kachomoa sumaku ya spika mbovu, kaipitisha chini ya karatasi yenye unga, punje zikasimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Akaniambia, "Kaka, hebu saga zinki oksaidi tupu, usiweke kitu." Nikasaga saa zilezile. Kijivu kilekile, ikasimama vilevile. Yaani miezi minne nasherehekea chuma kilichokwanguka kwenye gololi, kidogo kiasi kwamba eksirei haikukiona ila sumaku imekiona.

Kwa hiyo tumia gololi za zirkonia (kauri ngumu), nayo inalika lakini haina usumaku, na ile sampuli tupu isage KWANZA, siyo baada ya kuandika.

Ukisagia ndani ya ethanoli (alkoholi) usifungue kopo likiwa la moto, mvuke una presha. Barakoa ya kitambaa haisaidii, tafuta ile ya kuchuja vumbi inayobana uso, na feni uizime. Kopo la mtu wa jana usiliamini, lisafishe kwa kusagia mchanga wa kwatzi. Vichupa viandike mapema, na umeme ukikatika katikati andika ulikatika saa ngapi, usije ukajaza saa 20 kwenye daftari wakati mashine imezunguka 13.