Ukihama kampuni ya malipo, namba za kadi zisipite kwako

Wenye hoteli wa Capri Point na kwingineko Mwanza mnaotunza kadi za wageni mtandaoni: mkibadilisha kampuni ya malipo, msiombe namba za kadi kwenye Excel. WhatsApp ya meneja ndiyo mbaya kabisa. Iambieni kampuni ya zamani iipelekee mpya namba hizo moja kwa moja, faili likiwa limesimbwa kwa PGP (njia ya kufunga faili ili asome mwenye ufunguo tu), baada ya mpya kuonyesha uthibitisho wake wa PCI DSS, yaani viwango vya usalama wa data za kadi. Ninyi mpokee tokeni mpya tu, yaani misimbo inayosimama badala ya namba za kadi, mzioanishe na za zamani. CVV, ile namba fupi ya usalama kwenye kadi, haihami, maana hairuhusiwi kutunzwa malipo yakishaidhinishwa. Akaunti ya zamani msiifunge haraka: kadi zilizoongezwa katikati ya uhamisho husahaulika, kwa hiyo ombeni kampuni ya zamani iitumie mpya faili la pili lenye kadi hizo.